Basi Lililogeuka Juu ya Nyang'oro

"Nati hukazwa nyumbani, hukazwa tena njiani." Mlicheka mshenga alipoyasema hayo Jumamosi, na wewe Gwamaka, bwana harusi mzima, ulicheka kuliko wote. Leo umekuja na mkeo Lusekelo kuniaga, mmekaa, mmekunywa chai yangu, ndipo mnaniuliza maana yake nini na ilitoka wapi. Haya. Lusekelo mjukuu wangu, sogeza hizo ndizi tumenye huku nasema, maana mdomo wangu haujawahi kuizuia mikono yangu. Msidhani ni maneno ya wahenga wa zamani za kale. Yalianza kwa kaka yangu na wifi yangu, na mimi nilikuwepo, tena nilikosea kuliko wote. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Kaka yangu Ambakisye alikuwa fundi wa magreda ya barabara kwa miaka thelathini. Alipostaafu, wenzake walinunua mashamba na mashine za kusaga. Yeye akanunua basi kuukuu lililochoka kubeba abiria, akalileta hapa Tukuyu, uani kwake, akang'oa viti vyote. Watu wakasema mzee wa watu kaharibikiwa. Kumbe anajenga nyumba! Akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi, na meza ya cherehani ya mkewe karibu na dirisha. Juu ya paa akafunga tangi la maji na sola. Nyuma kabisa akatenga choo kidogo cha ndoo kwa pazia, na hicho choo ndicho kilichonifanya niape kwamba humo sitalala, kiapo nilichokuja kukivunja. Ubavuni akaandika kwa rangi ya buluu: KWETU.

Siku kazi ilipokamilika alimwita mkewe, Tusajigwe, akamsimamisha mlangoni mwa basi.

"Mama Ipyana, watoto wamekua, wana miji yao. Tutaishi humu?"

Wifi akaingia, akafungua kabati, akafungua bomba, maji yakatoka. Akacheka kama msichana. "Ndiyo, Baba Ipyana. Tutaishi humu." Nilikuwa nimesimama pale pale, na ile ndiyo yake ilikuwa ya kweli.

Nyumba wakaipangisha pamoja na shamba, wakaondoka. Walifuata minada: leo Makambako, wiki ijayo Ilula, mwezi ujao Singida. Wifi anashona sare za shule na magauni, kaka anatengeneza cherehani za watu. Sasa msidhani kuishi ndani ya gari ni kulala na kuamka tu. Nyumba ya matofali ukishaijenga inatulia. Ile inatikisika kila siku, na kinachotikisika huachia. Kaka aliamka mapema kuliko jogoo, akapima oili, akatazama maji ya rejeta, akagonga matairi kwa nyundo kusikiliza upepo. Alipanda juu kuziba paa kabla ya masika. Alifuta ule ukungu mweupe kwenye betri. Vikombe vilining'inia kwenye ndoano, na kila mlango wa kabati ulikuwa na komeo lake. Kabla ya kuondoka alilizunguka basi lote akilishika huku na huku, kama mtu anayenunua ng'ombe. Alijiamini, na alikuwa na haki ya kujiamini, maana miaka yote ile hakuwahi kulala porini kwa uzembe.

Alikuwa na sharti moja ambalo halikuvunjwa. Akilifungua gurudumu, iwe kwa pancha au kwa lolote, alilirudisha, akazikaza nati kwa spana mpaka mishipa ya shingo imsimame. Halafu akishaenda kama kilometa hamsini alisimama, mvua ikinyesha isinyeshe, akateremka na spana ile ile, akazikaza upya moja moja. Wifi alikuwa akiniambia kwenye simu, "Kaka yako leo tena katusimamisha porini, anasalimiana na nati zake." Tunacheka weee.

Mwaka wa tatu wifi akanipigia. "Wifi, njoo Iringa, tusafiri wote mpaka Dodoma." Nikafurahi, nikajua naalikwa matembezi. Nilipofika akanipeleka sokoni, na tukiwa tunachagua nyanya akaniambia ukweli.

"Tukifika Dodoma mimi nashuka. Napanda basi la abiria, narudi Tukuyu, na humo sikanyagi tena. Nimekuita ili kaka yako asibaki peke yake siku hiyo."

Nyanya zilinitoka mkononi. Nikamwuliza, amekupiga? Hapana. Ana mwanamke? Akacheka, pamoja na yote. "Mwanamke atamweka wapi, juu ya tangi?"

Ndipo akaniambia habari za Subilaga. Huyo alikuwa rafiki yake tangu wakichunga ndama pamoja, na mwezi uliopita alikuwa amefariki. Siku anazikwa, wao walikuwa Manyoni, kaka yuko chini ya basi anabadilisha springi, na wifi amekaa kwenye ngazi ya mlango anasikiliza mazishi kwa simu. "Nilisikia wanaimba, mara simu ikakatika," akasema. "Sikumtupia hata kiganja kimoja cha udongo. Mtu aliyenisuka nywele siku ya harusi yangu."

Na mimi, badala ya kumpa pole, nikamkemea! Nikamwambia mke hamwachi mumewe barabarani. Nikamwambia ulikubali mwenyewe, nilikusikia kwa masikio haya, na aliyekubali hana la kusema. Wifi alilipia nyanya, akanishika mkono, tukarudi kwenye basi. Hapo ndipo nilipokosea, na nitalisema hilo mpaka naingia kaburini.

Kesho yake asubuhi tukakuta tairi la mbele la kushoto limekaa chini. Kaka akaliziba, akalirudisha, akakaza, tukashika njia ya Dodoma. Kaka huku anaimba tenzi, sauti yake mbaya ile. Wifi amekaa kwenye meza yake, na cherehani ameshaifungia sandukuni. Kaka alidhani anaikinga na vumbi. Mimi niliyejua, kila kilometa niliiona inatusogeza kwenye jambo baya.

Juu ya mlima Nyang'oro, kabla ya kuanza kuteremka, kaka akasimamisha basi kando. "Dakika tano tu, mabibi. Nati." Akateremka na spana. Wifi naye akateremka. Nikawafuata, maana moyo uliniambia kuna jambo.

Kaka akachuchumaa. Nati ya kwanza ikagoma kugeuka. Ya pili ikagoma. Ya tatu ikageuka, robo nzima.

"Mmeona?" akatuita, ameridhika kweli kweli. "Hii nimeikaza mwenyewe asubuhi kwa nguvu zangu zote. Mngeteremka nayo huu mlima!"

Wifi akamwuliza polepole, "Kama uliikaza kwa nguvu zako zote, mbona imelegea?"

"Niliikaza gari limesimama. Likishatembea, chuma kinapata joto, kinatikisika, nati inapata nafasi."

"Kwa hiyo ni kosa la nati?"

"Aa, nati haina kosa. Na aliyekaza hana kosa. Ni barabara, Mama Ipyana. Barabara ndivyo ilivyo."

"Basi na mimi nimelegea," wifi akasema.

Kaka akadhani anaumwa. Akaweka spana chini haraka. "Wapi? Magoti?"

"Siku ile uani uliniuliza kama tutaishi humu. Nikasema ndiyo, na ndiyo yangu ilikuwa imekaza. Ni miaka mitatu sasa, Baba Ipyana. Tumetembea, tumetikisika. Subilaga kazikwa, mimi niko Manyoni. Maharage yangu wanapanda wapangaji. Na tangu siku ile hujaniuliza tena, hata mara moja. Dodoma nashuka. Narudi nyumbani."

Lori likapita, likatumwagia vumbi, hakuna aliyejipangusa. Kaka ilimjia hasira kwanza, maana mwanamume akiumia, hasira ndiyo njia yake ya mkato. "Na kwa nini hukusema? Miaka mitatu umefumba mdomo, unakuja kuniambia hapa mlimani?"

Wifi akanyoosha kidole kwenye gurudumu. "Na hiyo ilikuambia? Ilikupigia kelele kwamba imelegea? Si ulisimama mwenyewe, ukateremka, ukaishika?"

Jamani. Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, lakini sijaona neno likimwingia mtu namna ile. Kaka akarudi kuchuchumaa, akaikaza ile ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka akamaliza. Kisha akazunguka akakaza na za magurudumu ambayo hakuyafungua. Nilimwona anajifuta macho kwa mkono wenye grisi. Na mimi niliyesema aliyekubali hana la kusema, nilitamani ardhi ipasuke.

Alipomaliza akaja akasimama mbele ya mkewe, akamwita kwa jina lake, jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu walipooana.

"Tusajigwe. Tutaishi humu?"

"Si kama tunavyoishi sasa."

"Tuishije?"

Wifi hakuwa amejiandaa kuulizwa. Alijiandaa kushuka tu. Akatazama lile basi kuanzia taa mpaka tangi. "Masika yote tunakaa Tukuyu, kwenye nyumba yangu na maharage yangu. Wapangaji watafute kwingine. Kiangazi nitakuja barabarani, na nitakuja kwa kupenda, kwa sababu hili sanduku lako nalipenda, na ndoo yake na vyote. Lakini akifa mtu wetu, gari linageuka."

"Linageuka," kaka akasema.

"Watoto wa Subilaga sijawapa pole mpaka leo."

Kaka akatazama mbele, huko Dodoma. Akatazama tulikotoka. Akaokota spana yake. "Dada," akaniita, "kasimame nyuma ya gari unielekeze."

Kugeuza basi juu ya Nyang'oro! Huku mwamba, huku bonde. Mimi nyuma napiga kelele: njoo, njoo, kata kulia, simama, nimesema simama! Wifi amevua kanga begani anasimamishia magari. Madereva wanapiga honi, wanatutukana, na sisi tunawarudishia bila kubakisha. Mara tisa mbele, mara tisa nyuma. Lilipokaa sawa kuelekea Iringa, kaka alitoa kichwa dirishani, jasho linamtiririka, anacheka. Wifi akapanda. Hakukaa kwenye meza yake. Alikwenda kukaa mbele, karibu na mumewe.

Kilometa hamsini baadaye kaka akasimama tena. Akateremka, akazishika nati zote, zote ziko sawa. Akapanda, akamgeukia mkewe. "Na wewe?"

"Imara," wifi akasema. "Endesha."

Tukafika hapa kesho yake. Wifi akakaa na watoto wa Subilaga siku saba, akapalilia kaburi kwa mikono yake. Nikamfuata huko huko nikapiga magoti. "Wifi, pale sokoni nilikukemea. Nisamehe." Akanitazama. "Ulinikemea, ndiyo," akasema. "Shika kisu, tumenye ndizi za wageni." Yakaisha.

Masika yalipokwisha, wifi alifunga cherehani yake mezani mwenyewe. Kabla hawajaondoka, kaka alimwita mchora mabango, akamwambia aandike nyuma ya basi maneno ambayo wifi aliyatunga akipalilia maharage. Yaliandikwa makubwa, ya buluu. Miaka kumi na moja lile basi lilipanda na kuteremka nchi hii, na kila aliyekuwa nyuma yake aliyasoma. Madereva wa malori wakayachukua, mafundi wakayachukua, kisha wachungaji na washenga, nao wanayasema harusini kama yao. Sina ugomvi nao. Kila kilometa hamsini kaka alisimama, alishika nati, alimwuliza mkewe. Kuna miaka wifi alijibu, "Leo hapana, nirudishe," na basi likageuka. Kaka tulimzika miaka minne iliyopita. Kiganja cha kwanza cha udongo kilitoka mkononi mwa wifi.

Sasa wewe Gwamaka. Jumamosi mchungaji alimwuliza Lusekelo, akajibu ndiyo, kanisa zima likasikia, vigelegele juu. Hapo gari lilikuwa limesimama. Kesho unampeleka Mpanda kwenye kazi yako, mbali na mama yake, mbali na kila mtu anayemjua. Mtapanga vyombo, mtazoea, siku zitakwenda, na hatalalamika, maana namjua mtoto huyu, amelelewa kunyamaza. Usinitazame mimi. Mtazame yeye. Ukiona kimya usiseme mambo yako sawa. Simama, teremka, umwulize.

Nati hukazwa nyumbani, hukazwa tena njiani.