Kigoda cha Nyemo Kiwanjani

"Kiwanja kikalie kabla hujakichora." Mmeisikia leo kwa mafundi mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo. Tena nilikuwa miongoni mwa waliokosea.

Bibi Sechelela, muuguzi mstaafu, alitaka kujenga kwao, hapa hapa Ugogo. Kifua chake kilikuwa kibovu. Vumbi likimwingia hukohoa mpaka machozi. Wanawe wakamwambia wazi kwamba nyumba ikiingiza vumbi, atarudi mjini. Mjini hakukutaka kabisa.

Msanifu wake alikuwa binti aitwaye Nyemo. Alituma mchoro wa kupendeza, madirisha makubwa yakitazama mlima, upande wa mashariki. Mimi, fundi wake mkuu, nikapiga vigingi, nikafunga kamba. Siku ya kuchimba msingi akaja mwenyewe, akaomba vigoda viwili, akakaa na bibi katikati ya kamba zangu.

"Dada, mafundi wanasubiri," nikamwambia.

"Wasubiri kidogo, fundi. Nimekichora kiwanja hiki bila kukikalia hata saa moja."

Nikacheka kimoyomoyo. Msomi gani huyu anajenga kwa makalio! Saa tano upepo ukaanza, vumbi likatimka. Bibi akaanza kukohoa, akabeba kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya ukuta uliobaki wa tembe ya wazazi wake, ile nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa.

"Mbona umehamia huku, bibi?" Nyemo akamuuliza.

"Huku ndiko tulikokuwa tukikaa, mjukuu wangu. Upepo wetu hutoka mashariki, na baba aliupa mgongo. Ukuta huu hauna hata tundu."

Nyemo akautazama ukuta, akautazama mchoro. Kisha akang'oa kigingi cha kwanza kwa mkono wake.

"Nimekosea," akasema. "Tunaigeuza nyumba."

Jamani, ni wasomi wangapi husema hivyo mbele ya vibarua? Nilimvulia kofia binti yule.

Tukajenga tembe ya kisasa: kuta nene za udongo ulioshindiliwa, mgongo mashariki, ua upande wa pili. Paa nalo la udongo, chini yake plastiki nzito, na maji ya mvua yakishukia tangini. Mlima bibi aliuona kwa kidirisha cha kioo kisichofunguka.

Agosti, upepo ukivuma kama umetumwa, nilikwenda kumsalimu. Nilikunywa chai yake saa nzima nikisubiri kikohozi. Sikukisikia.

Kazi iliyofuata niliviacha vigingi garini, nikatafuta kigoda. Wenzangu walipocheka, nikawajibu: kiwanja kikalie kabla hujakichora.