Mistari ya Kijani

Mvua za Elnino zilipokoma mwaka 1998, bonde la Kilombero lilikuwa kama ubao uliofutwa. Mito iliyofurika ilikuwa imezoa vigingi vya mipaka, na wakulima waliopakana kwa amani tangu enzi za babu zao wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Mjini Ifakara palikuwa na ofisi ndogo ya mradi iliyopewa kazi ya kuchora upya ramani za mashamba ya mpunga. Kompyuta ya kuchorea ramani hizo ilikuwa moja tu, nayo ilitunzwa kama mboni ya jicho.

Mtunzaji wake alikuwa Raimundi, kijana mrefu mwenye ulimi mtamu. Alikuwa amesomea kompyuta wiki sita mjini Morogoro, na tangu aliporudi watu walimwita Injinia. Jina hilo lilimkaa kama shati jipya, hakutaka lipate hata doa. Wachache walikumbuka kwamba mtu aliyemwombea kazi pale, tena akamfundisha kupiga chapa kwa vidole kumi, alikuwa Domitila, mama wa makamo aliyekuwa mpiga chapa wa mradi.

Siku moja mwezi wa Aprili, Raimundi alipata disketi tatu kutoka kwa rafiki yake. Ndani yake mlikuwa na draiva, yaani programu inayoielekeza kompyuta namna ya kuitumia kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinacholeta picha kwenye kioo. Rafiki alimwambia kwamba ni mpya na zitaongeza rangi. Raimundi hakuuliza kama zilitengenezwa kwa kadi ya aina ile. Wenzake walipokwenda kula, akaziingiza kimyakimya. Kompyuta ilipomtaka aizime na kuiwasha upya ili mabadiliko yashike, akaahirisha, maana Domitila alikuwa amesharudi na barua ya haraka ya kuchapa.

Alasiri hiyohiyo umeme ulikatika ghafla, Domitila akiwa katikati ya barua. Asubuhi yake alipoiwasha kompyuta, mistari ya kijani ilitambaa kioo kizima, picha zikachanikachanika na herufi zikalaliana kama samaki kwenye tenga.

"Injinia, njoo uone!" aliita.

Raimundi akaja, akaiona ile mistari. Zile disketi zilimjia akilini kabla ya kitu kingine chochote.

"Sasa sikiliza, mdogo wangu," Domitila alisema. "Nimeiwasha mara tatu. Yale maandishi meupe ya mwanzo, kabla Windows haijaingia, yanatoka safi kabisa. Mistari inaanza baadaye. Kama kuna kitu kilichoungua ndani, mbona hakiharibu tangu mwanzo?"

Swali hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki kooni. Morogoro alikuwa amefundishwa kipimo chake: unaiwasha kompyuta, unabonyeza kitufe kimoja, inaingia katika hali ya usalama bila kutumia draiva zilizowekwa. Kioo kikiwa safi, kadi ni nzima na ubaya uko kwenye draiva. Kidole chake kilikaribia kitufe, kisha akakirudisha. Aliogopa jibu, kwa sababu alijua jibu lingekuja na jina lake.

"Dada Domitila, wewe ni mpiga chapa," alisema kwa ukali. "Kadi imeungua. Umeme ulipokatika jana, nani alikuwa ameiacha inawaka?"

"Kwani umeme wa hapa hukatika kwa kupiga hodi?"

Raimundi alimgeuzia mgongo. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi.

Mkuu huyo, mzee Kelestini, alikuwa na mzigo wake. Vijiji viwili vilikuwa vimepangiwa kukutana mwezi wa Mei kupatana juu ya mipaka, na ramani zao zilikuwa ndani ya kompyuta ile, hazijachapwa hata moja. Akawaita wafanyakazi wote kumi na wawili. Raimundi akaeleza kwamba kadi imeungua kwa uzembe wa mtumiaji. Domitila akasimama akarudia yale aliyoyaona: mwanzo ni safi, mistari hufuata baadaye.

Mzee Kelestini akamgeukia Raimundi. "Injinia, hilo la maandishi ya mwanzo lina maana yoyote?"

Huo ulikuwa mlango wa mwisho wa kutokea, na ulikuwa wazi.

"Halina maana, mzee. Maandishi yale hayapiti kwenye kadi."

Ulikuwa uongo. Ulimtoka kwa urahisi kwa kuwa pale ofisini hapakuwa na mtu wa kuugundua. Kesho yake barua ya kumwachisha kazi Domitila ilisomwa mbele ya watu walewale kumi na wawili. Domitila hakutukana wala hakulia. Alichukua kikombe chake cha chai na kanga yake, akamtazama Raimundi mara moja tu, akatoka.

Kadi nyingine ya aina ileile iliagizwa Dar es Salaam. Ilichelewa, siku ya kikao ikafika bila ramani. Kila kijiji kikaja na kumbukumbu zake, na kumbukumbu zikageuka matusi, matusi yakageuka ngumi. Mkulima mmoja aitwaye Eustaki, aliyejaribu kuwaamua wenzake, alikatwa vidole viwili kwa mundu. Habari hiyo ilipofika ofisini, Raimundi alishindwa kula siku nzima, lakini mdomo wake haukufunguka.

Kadi ilipowasili kwa basi, Raimundi aliifunga ndani ya kompyuta. Akawasha. Mistari ya kijani ikarudi vilevile. Akasema basi kioo nacho kimeungua. Siku iliyofuata akasema ni vumbi, kisha akasema ni joto la Ifakara. Mzee Kelestini akachoka, akamwita fundi kutoka Dar es Salaam.

Fundi alikuwa mwanamke mnene, mpole, jina lake Leticia. Hakukimbilia bisibisi. Aliiwasha kompyuta, akayatazama maandishi meupe ya mwanzo, akatikisa kichwa.

"Hapa ni safi," alisema. "Hakuna mtu aliyeliona hili?"

Macho ya ofisi nzima yakamgeukia Raimundi. Leticia akabonyeza kitufe, kompyuta ikaingia katika hali ya usalama. Rangi zilikuwa chache, lakini mstari haukuonekana hata mmoja. Kisha akaitoa kadi mpya, akafunga ya zamani, ile iliyosemwa kuwa imeungua. Nayo, katika hali ileile ya usalama, ikatoa picha safi.

"Kadi zote mbili ni nzima. Draiva iliyowekwa si ya kadi hizi." Akatafuta faili, akasoma tarehe. "Iliingizwa tarehe kumi na nne Aprili, saa saba mchana. Nani aliiweka?"

"Ni mimi," Raimundi alisema.

Hazikupita dakika ishirini, draiva sahihi ikawekwa, ramani zikatokea zikiwa kamili. Mzee Kelestini hakupaza sauti. Aliandika barua mbili. Ya kwanza ilimwachisha kazi Raimundi. Ya pili ilimsafisha Domitila, na akamkabidhi Raimundi aipeleke kwa mkono wake mwenyewe.

Raimundi alivuka mto Kilombero kwa pantoni pale Kivukoni, akamkuta Domitila upande wa Malinyi, akivuna mpunga kama kibarua katika shamba la watu. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliipokea barua, akaisoma polepole, akaikunja.

"Nisamehe, dada. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Nami nilijua kwamba unajua," alisema Domitila. "Niliomba kazi ya kupiga chapa sehemu mbili. Kote waliniuliza, si wewe uliyeunguza kompyuta ya mradi? Je, kiti changu bado kipo?"

Raimundi alitazama chini. "Ameshaajiriwa mtu."

"Barua ya kunifukuza ilisomwa mbele ya watu kumi na wawili. Hii ya kunisafisha unaniletea porini, isikiwe na ndege?" Akamrudishia ile karatasi. "Nimekusamehe, Raimundi. Lakini kaisome wewe, kwa kila uliyemwambia."

Alirudi akaisoma. Aliisoma ofisini, akaisoma sehemu zote mbili alikokataliwa Domitila, akaisoma hata mbele ya Eustaki, aliyekuwa akijifunza kushika jembe upya. Watu walisikiliza, wakaguna, wakaendelea na shughuli zao. Uongo wake ulikuwa umetembea wenyewe mji mzima. Ukweli ilimbidi aubebe mgongoni, nyumba kwa nyumba, na kila mlango aliofika alikuta uongo umetangulia kuingia. Domitila hakuitwa tena kupiga chapa. Vidole vya Eustaki havikurudi. Na jina la Injinia, lililolindwa kwa gharama yote hiyo, hakuna aliyelitamka tena isipokuwa kwa kucheka.

Ama kweli, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.