Wimbo wa Kalunde

"Wimbo wa kinuni hauimbwi kisimani." Mmemsikia shangazi yenu akimkemea binti yake kwa maneno hayo, nanyi mkacheka mkidhani anakataza kelele. Acheni kucheka. Kaeni niwaeleze maneno hayo yalivyozaliwa, maana kuna nyumba iliyoyalipia kwa machozi.

Zamani katika kijiji chetu kinu kilikuwa na sheria yake. Neno lililoimbwa na mwanamke aliyeshika mchi halikuwa na kesi. Aliyeonewa na mume, mkwe au mzazi alilitwanga pamoja na mtama wake, na aliyeimbwa akipita hapo alijifanya kiziwi. Akitaka kujirekebisha, haya. Asipotaka, basi. Lakini kujibu ilikuwa mwiko, na kuutoa wimbo nje ya kinu pia.

Nyamizi alikuwa na miaka saba, na dada yake Kalunde kumi na minne. Hata alipozeeka, Nyamizi alimkumbuka dada yake kinuni, jasho puani, midomo ikichezacheza kabla wimbo haujatoka. Wake za watu, wenye umri wa mama yao, walikuja na vikapu vyao na kumnong'oneza shida zao. Kalunde alitwanga kidogo, kisha akawapa wimbo. Nyamizi ndiye aliyempepetea na kumwitikia, na kwa dada huyo alijiona tajiri.

Mwaka huo mama yao aliugua, mvua za kwanza ziliposhuka. Baba yao, Mzee Kapela, alisema amalize kupanda kwanza ndipo ampeleke hospitali. Alipomaliza, hapakuwa na wa kupelekwa. Baada ya matanga Kalunde alirudi kinuni akaimba:

Mama kaugua, baba akapanda.
Mama kaita, baba akapanda.
Mbegu zilipokwisha, akampanda mama.

Mzee Kapela aliusikia, akapita kama kiziwi. Ila tangu siku hiyo, kila Kalunde alipotwanga, baba yake aliketi nyuma ya ghala akilisugua jembe ambalo halikuwa na tope.

Sasa, mtoto ni mtoto. Siku moja kisimani wasichana walikuwa wakishindana ni nyumba ya nani yenye nyimbo nzuri. Nyamizi alivumilia weee, mwisho akautua mtungi wake.

"Hizo nazo ni nyimbo? Sikieni wa dada yangu!"

Akauimba wote, mara mbili, kwa sauti. Alipomaliza, wenzake walijitwika mitungi wakaenda kusimulia makwao.

Kabla ya mwezi kwisha, kaka za marehemu walikuwa uani kwa Kapela, pamoja na wazee wa kijiji.

"Kapela," mzee mmoja alisema, "kinuni tungekaa kimya. Kisimani ni mashtaka. Ni kweli, au mwanao amekuzulia?"

Angeweza kusema amezuliwa. Kapela aliinamisha kichwa. "Ni kweli, neno kwa neno."

"Na nani aliyeutoa nje?"

Nyamizi alitaka kusema, lakini akajificha nyuma ya dada yake. Kalunde alimtazama mara moja tu, kisha akapiga magoti. "Ni mimi, babu zangu."

Aliyevunja sheria ya kinu hakushika tena mchi kijijini, na msichana asiyetwanga angeishije? Wajomba zake wakasema watamchukua kwao, mwendo wa siku nne, na hiyo iwe adhabu ya baba yake pia. Kapela aliwasihi mpaka sauti ikamkatika. Nyamizi alimng'ang'ania dada yake akilia, "Dada, nitawaambia!"

"Nyamaza, mdogo wangu," Kalunde alisema. "Baki na baba."

Huko ugenini Kalunde alivuma kwa utunzi. Nyimbo zake zilirudi kijijini vinywani mwa maharusi walioolewa kutoka kule. Mwenyewe hakurudi kamwe.

Miaka ikapita, Nyamizi akawa mtwangaji, na baba yake bado anakaa nyuma ya ghala. Siku moja mzee alimwita. "Mwanangu, niimbie ule wa dada yako."

Nyamizi aliuacha mchi. "Siwezi, baba. Kisimani niliimba mimi."

"Najua. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekuchukua wewe. Mama yenu nilishamwacha afe. Siku ile ikawa ni kuchagua mtoto wa kupoteza, nikanyamaza." Alijifuta macho kwa kiganja. "Imba, mwanangu. Tangu aende hakuna aliyeniambia kweli."

Nyamizi aliinua mchi akaimba mstari wa kwanza, na wa pili. Kabla ya wa tatu akaushusha mchi. Mzee alingoja, akangoja, kisha akainuka akaingia ndani. Mvua zilizofuata hazikumkuta.

Nyamizi naye akazaa mabinti. Aliwafundisha nyimbo zote za Kalunde isipokuwa mmoja. Walipomsumbua wakitaka kujua ni upi, na kwa nini mama mkubwa wao hawajawahi kumwona, aliwajibu kwa maneno hayohayo mliyoyacheka leo: wimbo wa kinuni hauimbwi kisimani.