Fisi Aliyeingoja Krismasi

"Niwasimulie, nisiwasimulie?"

"Simulia, tumekaa."

"Masikio mmekuja nayo?"

"Yote mawili."

Basi, katika majabali ya Singida palikuwa na Fisi mwenye nguvu nyingi na tumbo lisilojua kushiba. Kiangazi kimoja alimkamata mtoto wa Mama Pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura aishiye kwenye nyufa za mawe.

"Bwana Fisi," Mama Pimbi akasema, "huyu ni ngozi na mifupa. Mwache anenepe, umle Krismasi."

Neno hilo likamwingia Fisi. Akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba mtoto yule hatamgusa ila siku ya Krismasi.

Desemba ikafika. Kengele ya misheni ikalia, ngo ngo ngo. Fisi akapanda mlima, gwaru gwaru gwaru.

"Leo Krismasi. Nimekuja."

"Karibu. Una hakika na siku?"

"Si wanapiga kengele?"

"Kitabuni tarehe haimo, Bwana Fisi. Mna wachungaji, mna hori, tarehe hamna. Wazee wa Roma ndio walioichagua, miaka mia tatu na ushei baadaye. Kwao ni baridi kali. Wewe unasikia baridi?"

Fisi alikuwa akitiririka jasho. Akajikuna kichwa, kwaru kwaru. Kumbe amewahi mno? Akashuka.

Julai upepo ukavuma, vuuu. Fisi akapanda mlima, gwaru gwaru gwaru.

"Baridi hii hapa. Nimekuja."

"Karibu. Kengele umeisikia?"

Fisi akatega sikio. Kimya. Akajikuna kichwa, kwaru kwaru. Akashuka, njaa inamkata.

Desemba ikarudi na kengele yake. Fisi akapanda mlima, gwaru gwaru gwaru.

"Kengele hiyo. Usiniambie habari ya baridi."

"Sikwambii. Ila Wahabeshi wao husherehekea Januari, tarehe saba. Kalenda yao na hii ya hapa zinapishana. Kama wao ndio wenye haki, na wewe umekula leo, kaburi la baba yako litakaaje?"

Fisi akamwonea baba yake huruma. Akashuka, hajui amewahi au amechelewa.

Tarehe saba akapanda tena, mbavu zinahesabika.

"Sitaki maneno. Nipe yule mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Yule niliyeapa kumla."

Mama Pimbi akaelekeza mkono juu ya jabali. Pimbi dume mnene alikuwa akiota jua, na vitoto vitatu vimemlalia mgongoni.

"Yule pale. Lakini si mtoto tena, ni baba wa watu. Uliapa kumla baba wa mtu?"

Fisi akajikuna kichwa, kwaru kwaru. Kisha akashuka, na hadi leo kila anayekutana naye humwuliza: "Samahani ndugu, leo tarehe ngapi?"

Ngano nimeitua, atakayeitaka na ajitwishe. Funzo lake ni kwamba kusoma historia hakuna faida yoyote. Kama hamniamini, mwulizeni Fisi.