Kwa Nini Kuku Mgeni Hufungwa Mguu

Mnaniuliza kwa nini kuku akiletwa kutoka mji mwingine hufungwa kamba mguuni na kuwekwa peke yake siku saba. Mmeambiwa ni ili azoee nyumba, nanyi mkaamini. Haya, sogeeni.

Zamani, kabla mguu wa kuku haujaijua kamba, kuku wa zawadi alipokewa kwa heshima zote. Alifunguliwa palepale uani mbele ya aliyemleta, akamwagiwa mtama, na kuku wenyeji wakaitwa waje wale naye. Kumweka kando kulikuwa ni kumwambia mtoaji kwamba zawadi yake ina kasoro. Ndoa zilivunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Siku hizo aliolewa binti mmoja, Mwanamvua, na mwana wa mama mmoja mwenye kuku wengi aliyeitwa Bi Mkunde. Kila Mwanamvua alipokwenda kuwasalimia wazazi wake, alirudi na kuku wa mama yake kwapani. Na kila aliporudi, wiki haikuisha kabla kuku wa Bi Mkunde hawajaanza kuzubaa, mabawa yameshuka, choo cha kijani, shingo zimepinda. Mara ya kwanza walikufa kumi. Baada ya mara ya tatu walibaki sita tu.

Waganga waliitwa. Uwanja ukanyunyiziwa dawa, hirizi ikatundikwa bandani, na kuku wakaendelea kufa kama hawakuiona. Mwishowe ikasemwa kwamba mkosi ni mke mwenyewe. Mumewe alinyamaza, kazi aliyoiweza sana. Wakakata shauri kwamba akirudi tena kutoka kwao na kuku wakafa, atarudishwa kwa wazazi moja kwa moja.

Mwanamvua aliumia, maana alimpenda yule bwana pamoja na ukimya wake. Lakini alikuwa mtu wa kudadisi. Akakumbuka kwamba alipokwenda kwenye msiba wa shangazi yake alirudi mikono mitupu, na hakufa hata kifaranga. Kama mkosi ni yeye, siku ile aliuacha wapi?

Safari iliyofuata alipewa mtetea wa kishungi, mzuri kweli. Hakumfungua uani. Alimfunga kamba ya mkonge kwenye nguzo nyuma ya jiko, akampa kigae chake cha maji, na kila alipomlisha alinawa mikono kabla ya kwenda bandani. Bi Mkunde alipoona alishika kiuno.

"Unaifunga zawadi ya mama yako kama mbuzi?"

"Naam, mama. Nataka kujua kama ni mimi au ni yeye."

Siku tatu za kwanza zilimtesa. Mtetea akisalimika na kuku wa bandani wakafa, basi mkosi ni yeye kweli; akifa, maradhi yametoka kwa mama yake mzazi. Alijikuta anamwombea kuku wa watu mabaya, akalia kwa aibu.

Siku ya nne mtetea alizubaa. Siku ya sita alikufa, peke yake, penye kamba yake. Wale sita wa Bi Mkunde waliendelea kuchakura. Bi Mkunde aliwahesabu, kisha akachukua jembe akamzika mtetea yule kwa mikono yake, na habari ya kumrudisha mtu kwao haikutajwa tena.

Mwezi uliofuata mama yake Mwanamvua alikuja mwenyewe na kuku mwingine. Alipoona kuku wake anafungwa, uso ulimbadilika. Bi Mkunde akawahi kusema.

"Tunamfunga ili azoee nyumba, mzazi mwenzangu. Kuku mzuri hivi akitoroka, nitamlilia nani?"

Mama wa watu alifurahi, na aliporudi kwake naye akaanza kuwafunga kuku wageni.

Na tangu siku hiyo kuku mgeni hufungwa mguu siku saba, na ukiuliza sababu utaambiwa hiyohiyo. Ni uongo mtupu. Lakini mama mkwe aliutoa kuwasitiri mke wa mwanawe na mama mzazi wa huyo mke, kwa hiyo akija mgeni na kuku wake hapa, nanyi semeni anazoea nyumba.