Wimbo Uliobaki Kinuni

Tajiri mmoja alikuwa na shamba kubwa, na ndani ya shamba mlikuwa na chemchemi iliyonywesha kijiji kizima tangu zamani. Tajiri akaizungushia seng'enge, akaweka lango na walinzi. Wanakijiji wakaanza kufuata maji mtoni, mbali, wakichota tope.

Kijijini hapo alikuwako mwanamke aitwaye Nakiete. Huko wanawake hutwanga watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipokezana, na mmoja hutoa wimbo ili isigongane. Nakiete akatoa wake: maji hayana baba, nani huyu amejiita baba yake? Wenzake wakaitikia. Haukupita muda, vinu vyote vikawa vinauliza swali hilo, hata vile vilivyotwanga mahindi ya tajiri mwenyewe.

Tajiri akachukia. Akatangaza kwamba atakayeimba kinuni atafukuzwa yeye na wanawe. Lakini ugali aliupenda, na unga haujitwangi. Basi bwana mkubwa, kwa akili zake nyingi, akaifunga midomo ya wanawake na kuiacha michi iendelee na kazi.

Nakiete akanyamaza, maana alikuwa na watoto. Akatwanga kwa mapigo yale yale, kwa kuwa mikono haikujua mengine, na binti yake akalala mgongoni akitikiswa nayo. Binti akakua, naye akatwanga vivyo hivyo, na mtoto mgongoni. Wake za walinzi pia walitwanga vivyo hivyo. Maneno hakuna aliyethubutu kuyasema. Nakiete akazeeka akiamini kwamba wimbo umekufa na kwamba yeye ndiye aliyeuzika. Jambo hilo lilimuuma kuliko kiu.

Tajiri akafa, mwanawe akarithi shamba na seng'enge yake. Mashine ya kusaga ikaja, vinu vikaachiwa kuku. Kisha ukaja ukame, mto ukakauka. Vijana wakaenda langoni na madumu matupu, wakafukuzwa, wakakataa kuondoka. Kwa hasira wakaanza kuyapiga madumu. Nakiete aliisikia sauti hiyo akiwa uani kwake, moyo ukamlipuka, kwa kuwa yalikuwa mapigo yake. Mara mjukuu wake Namkunda akaingia mbio, akamwambia, "Bibi, mikono yetu inalijua jambo hili, midomo ndiyo haijui. Hapa huwa panasemwa nini?"

Bibi akalia, akacheka, akasimama. Akaenda hadi langoni akiegemea bega la msichana, na mbele ya bunduki akautoa wimbo kwa sauti iliyokwaruza. Vijana wakaitikia. Wakaongeza na beti zao, kali kuliko alizozitunga yeye, naye akafurahi kupitwa. Walinzi wakatazamana. Mapigo yale yaliwalaza wao pia, migongoni mwa mama zao. Mkubwa wao akaweka bunduki chini, akafungua lango huku akiitikia, na wenzake wakaanza kung'oa seng'enge. Mwana wa tajiri akatoka barazani kutafuta wa kumfukuza, akakuta wanaoimba ni watu wote, hata mpishi wake. Jioni hiyo watu walikunywa, ng'ombe wakanywa, na Nakiete akanyweshwa wa kwanza.

Ninyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu alibebwa mgongoni. Ni wimbo upi uliokulaza, na utautia maneno lini?