Kobe Aliyebonyezwa Kila Ijumaa

Kale hizo, kale kabisa, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majiko yenye moshi, Chui alileta nyumbani kwake kobe mchanga asiye na mama. Majirani wakamsifu kwa huruma yake. Majirani nao kwa kusifu hawajambo.

Kobe huyo aliitwa Kigamba. Alipewa kapu lake kando ya jiko, kivulini, na kila siku alikula nyama laini isiyo na mfupa. Hakupewa jani hata moja. Hakutolewa juani. Na kila Ijumaa Chui alimbonyeza mgongoni kwa ukucha, kama mnunuzi anavyobonyeza parachichi. Bonye! Ukucha ukizama, Chui alitabasamu na kwenda zake.

Mpishi wa nyumba hiyo alikuwa Kindi, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Alikuwa na mashaka siku nyingi. Kobe gani wa miezi mitano anatembea miguu ikitetemeka, mgongo laini kama andazi? Siku moja alimsikia Chui akimweleza mkewe siri yote. Binti yao angeolewa baada ya wiki kumi, na kwa desturi yao baba wa bibi arusi ndiye anayeng'ata kitoweo cha kwanza mbele ya wakwe. Kitoweo hicho kingekuwa kobe mbichi, laini, gamba na vyote.

Kindi aliogopa mpaka mwiko ukamponyoka. Kumtorosha hakukuwezekana, maana kwa miguu ile Kigamba asingefika hata langoni. Akawaza, kisha akaenda kwa Chui ameinamisha kichwa.

“Bwana mkubwa, sitaki wakwe zako waondoke wameziba pua. Kobe aliyelishwa nyama tupu hunuka shombo. Niruhusu nimsafishe tumbo kwa majani, nimtilie na unga wangu wa kuleta utamu.”

Chui akaruhusu. Ila alimwonya kwamba siku gamba litakapogoma kubonyea, kitoweo cha arusi atakuwa Kindi mwenyewe.

Unga wenyewe ulikuwa nini? Maganda ya mayai tu. Chui alikula mayai ya kanga kila asubuhi na kutupa maganda. Kindi aliyachemsha, akayaanika, akayatwanga, twa, twa, twa, mpaka yakawa unga mweupe. Akaunyunyiza juu ya mchicha na majani ya maboga, akaongeza kipande kidogo cha papai.

Kigamba akageuza uso. Alitaka nyama. Ndiyo, na wewe uliyesukumia mchicha pembeni ya sahani jana, nakuona. Kindi hakumbembeleza. Alimweleza ukweli wote kwa sauti ya chini.

“Gamba lako ndiyo nyumba yako,” akamwambia. “Likibaki laini, utaliwa. Nyama peke yake hailijengi. Kula, mwanangu.”

Kigamba alikula huku analia. Kesho yake alikula bila kulia.

Kila asubuhi, Chui akishatoka, Kindi alimtoa uani aote jua, kwa sababu hata unga ule haumfai sana mtoto asiyeliona jua. Miguu ikaacha kutetemeka. Wiki ya tatu mgongo ukaanza kugoma, na Ijumaa ilikuwa kesho. Kindi akachukua nta ya nyuki, akampaka Kigamba mgongo mzima. Chui akaja, akabonyeza. Bonye. Akatabasamu.

Ikawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka ile ya mwisho. Siku hiyo Chui alirudi mapema, saa sita mchana, akamkuta Kigamba yuko uani, jua kali, nta inayeyuka na kumtiririka ubavuni.

“Mbona anang'aa?” Chui akauliza. Ukucha ulikuwa tayari nje.

Nta iliyobaki ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

“Mafuta hayo, Bwana mkubwa. Amenona mpaka yanamtoka. Ukimbonyeza sasa utayakamua yote mchangani, na wakwe watakula nini?”

Chui alimtazama Kindi, akamtazama Kigamba. Akameza mate. Akaurudisha ukucha taratibu, akaingia ndani akisisitiza kobe asiguswe na mtu.

Siku ya arusi wakwe walijaa mikekani. Kigamba akaletwa kwenye sinia. Kindi alikuwa amempa neno moja tu: ukiona kinywa kimefunguka, ingiza kichwa na miguu, usitoke. Chui akafungua kinywa, akang'ata kwa nguvu zake zote.

Krak!

Jino la chonge likaruka, likaangukia sahani ya mama mkwe. Chui akang'ata tena kwa hasira, na la pili likafuata. Wakwe walijaribu kuficha kicheko, wakashindwa. Kwa aibu Chui akamshika Kigamba, akamrusha nje ya ua akisema kwamba ameletewa jiwe. Alipogeuka kumtafuta mpishi, Kindi alikuwa ameshapita dirishani.

Alimkuta Kigamba ng'ambo ya ua, amelala chali majanini. Akamgeuza, akamuuliza kama ameumia. Kigamba hakuweza kujibu, kwa kuwa mdomo ulishajaa mchicha pori.

Hadithi yangu imefika mwisho, na funzo lake ni hili: mdogo aliyelishwa vizuri hujengeka mwili ambao hata mwenye meno makubwa hauwezi.